Fiwi za malisho kugeuka manjano: usikimbilie yurea kwanza

Ndugu wa Mambrui, umeuliza kwa nini fiwi ulizowapandia mbuzi zimepauka wiki ya tano, na kama uziongeze yurea, ile mbolea ya naitrojeni. Ngoja kwanza. Mimi niliiongeza msimu wangu wa kwanza wa kulima malisho hapa Malindi, na ile pesa haikurudi.

Nina vishamba viwili. Kimoja kiko karibu na bahari, jembe linagonga jiwe la matumbawe kabla shimo halijafika goti. Kingine kiko njia ya Ganda, mchanga mwekundu. Mbegu zilikuwa za gunia moja, nikazipanda juma moja mvua za mwaka zilipoanza. Za baharini zikawa manjano. Za Ganda zikadumaa, majani madogo, kijani kimekolea mno. Kwangu mimi yote ilikuwa njaa tu, nikamwaga yurea kote. Kilichonawiri ni magugu.

Sikuangalia ni jani lipi lililoanza. Kule baharini majani ya chini yalikuwa kijani safi. Yaliyopauka ni machanga ya kileleni, na mishipa yake ilibaki kijani kama wavu uliochorwa kwa kalamu. Njaa ya naitrojeni haiji hivyo. Naitrojeni ikipungua, mmea huyanyang'anya majani ya zamani ukayapa machanga, kwa hiyo manjano huanzia chini na jani hupauka zima, pamoja na mishipa. Magnesiamu nayo huhamishwa, basi dalili zake huanzia chini vilevile, ila mishipa hubaki kijani. Chuma kikishaingia kwenye jani hakihamishiki kirahisi, ndiyo maana kikikosekana wanaoumia ni hao wachanga.

Na msichanganye: chuma hakimo ndani ya klorofili, ile rangi ya kijani ya jani. Katikati yake kuna magnesiamu, imeshikwa na naitrojeni nne. Lakini pasipo chuma mmea hauwezi kuiunda klorofili hiyo. Manjano yenyewe ni rangi za jani ziitwazo karotini na wenzake, walikuwamo jani lilipokuwa kijani, wamefunikwa tu.

Udongo wa matumbawe kwa kawaida una chuma, ila chokaa imekifunga, mizizi haikipati. Maji ya kisima changu yalizidisha balaa, maana ni yale yanayoacha ukoko mweupe wa chokaa ndani ya birika.

Nilihakikisha hivi. Nilikoroga gramu 5 za salfeti ya chuma kwenye lita moja ya maji, nikatia tone la sabuni, nikapaka majani matatu kwa brashi ya rangi jioni jua lilipopoa, nikayafunga uzi yasinipotee. Siku ya sita palipopita brashi pamekuwa kijani, na pale iliporuka pamebaki manjano. Michirizi ya brashi ilionekana wazi juu ya jani! Hapo ndipo nilipokubali. Sasa huwa napulizia majani, kwa sababu salfeti hiyo ukiimwaga ardhini kwetu chokaa huifunga nayo pia.

Kisha chimbua mashina mawili matatu kwa jembe, usiyavute kwa mkono maana vinundu, yale mavimbe madogo ya mizizini, hubaki ardhini. Osha mizizi, pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kama nyama mbichi, rizobia, bakteria wanaoishi humo, wako kazini wanakutengenezea naitrojeni ya bure. Vyangu baada ya yurea vilikuwa haba, na ndani vyeupe. Mmea ukipewa naitrojeni mezani hauna haja ya kuwalisha rizobia. Tena wekundu huo nao unahitaji chuma, kwa hiyo chuma kikipungua unapigwa pande mbili.

Ganda ilikuwa hadithi nyingine: upungufu wa fosforasi. Jani linashindwa kutanuka, klorofili inasongamana, ukiliangalia unasema lina afya kumbe limebanwa. Baadhi yalikuwa na zambarau upande wa chini. Msimu uliofuata nilitia TSP, mbolea ya fosforasi, kidogo kwenye kila shimo pamoja na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, na zikatambaa hadi kwenye njia ya jirani. (Kuna fiwi ambazo shina lake ni la zambarau tangu kuzaliwa. Hizo hazina shida, usizitibu.)

Aliyeuliza kama malisho ya kijani hubadilisha rangi ya maziwa: mbuzi hubadilisha karibu karotini yote kuwa vitamini A, kwa hiyo maziwa yake ni meupe hata akila kijani cha namna gani. Mwenye ng'ombe ndiye atakayeona tofauti kwenye samli. Na mkikausha malisho, kausheni kivulini, jua letu hili linaunguza karotini.

Ndugu, kesho asubuhi tupigie picha jani la juu kabisa na la chini kabisa la shina moja, na kinundu kilichopasuliwa. Useme pia unamwagilia maji ya kisima au ya mfereji.