Unamfundisha mtu kompyuta? Mwanzishie na karata

Nimewafundisha watu wengi tu kutumia kompyuta, wengi wao watu wazima ambao mausi hawajawahi kuishika kabisa, na kila nikiona mtu anaanza somo la kwanza kwa kumkalisha mwanafunzi mbele ya Word au Excel huwa naumia kwa kweli. Yule mtu hata mshale haujui unaendaje, wewe ushafika kwenye fonti na majedwali, lazima ataona kompyuta ni kitu cha watu wengine si chake. Ushauri wangu ni mmoja na nausimamia: siku za mwanzo msifungue kitu chochote kikubwa, fungueni zile programu ndogondogo na gemu zinazokuja na kompyuta yenyewe. Karata, mabomu (gemu ya kukwepa mabomu yaliyofichwa), Paint ya kuchorea, Notepad ya kuandikia, kikokotoo, basi.

Anza na Solitaire. Hii gemu iliingia kwenye Windows 3.0 mwaka 1990, aliiandika Wes Cherry akiwa bado yuko mafunzoni kazini pale Microsoft, na karata zenyewe alizichora Susan Kare, huyohuyo aliyechora zile alama za Macintosh ya mwanzo, kompyuta ya Apple. Kipindi hicho watu wengi mausi ilikuwa ngeni kwao, na gemu ya karata ikawapa sababu ya kuishika kutwa nzima bila kuambiwa na mtu. Sababu hiyo bado ipo mpaka leo, maana kitu kigumu kuliko vyote kwa anayeanza sio kubonyeza, ni kuburuta: ubonyeze, ushikilie, usogeze huku umeshikilia, halafu uachie mahali panapotakiwa. Mambo manne kwa kidole kimoja!

Nilikaa na mama yangu mdogo kwenye hili. Nikamwambia, "Mama, chukua ile tano ya kopa, iweke juu ya sita ya shupaza." Akaishika vizuri, akaanza kuivuta, kufika katikati kidole kikalegea na karata ikarudi ilikotoka. "Mwanangu, imekimbia." Nikamwambia haijakimbia mama, umeiachia mapema, irudie tu. Akairudia, ikarudi tena, akairudia, na wakati huo hakuna kilichoharibika, hakuna faili lililopotea, hakuna kisanduku kimetokea kumtisha na maneno asiyoyaelewa. Hapo ndo uzuri wa Solitaire ulipo, ukikosea karata inarudi yenyewe na unaona kwa macho yako kwamba umekosea nini. Kwenye Word ukikosea kuburuta, aya nzima inahamia sehemu usiyoijua na mtu anaanza kuogopa kugusa.

Na tafadhali usimshike mkono. Najua inauma kumwangalia mtu anahangaika na karata moja, lakini mkono ukishauongoza wewe basi kajifunza mkono wako. Weka ile ya kufunua karata moja moja, sio tatu tatu, ili mchezo uende haraka, na akishazoea kuburuta muonyeshe kwamba ree ukiibonyeza mara mbili haraka inapanda juu yenyewe. Hapo kajua na kubonyeza mara mbili, ambacho ndicho atakachofungulia mafoda maisha yake yote.

Baada ya karata nenda kwenye mabomu, yaani Minesweeper. Hii ilikuja na Windows 3.1 mwaka 1992 na kazi yake kwenye somo ni batani ya kulia ya mausi. Watu wengi wanakaa miaka na kompyuta bila kuigusa batani ya kulia kwa sababu hakuna kilichowahi kuwalazimisha, sasa kwenye mabomu huwezi kuikwepa, kushoto unafungua kisanduku na kulia unaweka bendera, ukichanganya unalipuka. Muelezee namba vizuri kabla hajaanza: namba inasema visanduku vinane vinavyoizunguka vina mabomu mangapi. Ukiona 1 na imebakiwa na kisanduku kimoja tu kilichofungwa pembeni yake, hilo ni bomu, hakuna kubahatisha, weka bendera. Mwache kwenye daraja la mwanzo lenye mabomu 10, lile la juu kabisa lina 99 na litamkatisha tamaa bure. Ila mimi naipenda hii gemu kwa kitu kingine zaidi, inamfundisha mtu kuisoma skrini yote kabla ya kubonyeza, na huo ndo utamaduni unaowakosa wale wanaobonyeza OK kwenye kila kitu kinachotokea.

Kuna FreeCell pia, gemu nyingine ya karata kwa wanaopenda kufikiri, ile ya zamani ilikuwa na michezo 32,000 iliyopewa namba na inajulikana kwamba namba 11982 haina ushindi. Hiyo sio ya mwanafunzi mpya lakini.

Sasa Paint. Watu wanaidharau sana na mimi naona wanakosea, maana hakuna sehemu rahisi kuliko Paint ya kufundisha kusevu. Mwambie achore chochote, duara, nyumba, jina lake kwa mausi hata kama limepinda, kisha asevu, ataje jina la faili, achague foda, afunge kila kitu, halafu atoke huko alipo akalitafute mwenyewe. Akilipata amejua faili ni nini, wala hujamfafanulia chochote. Mfundishe na Ctrl na Z palepale, achore mstari, aufute kwa Ctrl+Z, aurudishe kwa Ctrl+Y, mpaka ajue kabisa kwamba makosa ya kompyuta mengi yanarudi nyuma. Baadaye hiyohiyo Paint atapunguzia picha ambayo fomu ya mtandaoni imeikataa kwa ukubwa, unaingia sehemu ya kubadilisha saizi unaandika asilimia unasevu kwa jina jingine, kazi imeisha bila kudanlodi chochote. Mwaka 2017 Microsoft waliiweka Paint kwenye orodha ya vitu vya kuachwa, watumiaji wakapiga kelele, ikabaki. WordPad, ile programu ndogo ya kuandikia, yenyewe haikupona, imeondolewa kwenye Windows 11 toleo la 24H2 la mwaka 2024, kwa hiyo kama masomo yako yanaitegemea yabadilishe.

Notepad ni ya kuandikia, ndio, lakini mwonyeshe vitu viwili ambavyo hata wazoefu wengi hawavijui. Cha kwanza, maandishi uliyoyakopi kwenye tovuti yakiwa na rangi na fonti za ajabu, yapesti kwanza Notepad, kisha yakopi kutoka hapo, yanatoka masafi bila mapambo yoyote. Cha pili, fungua faili jipya, mstari wa kwanza kabisa andika .LOG kwa herufi kubwa ikianza na nukta, sevu, funga. Kila ukilifungua tena faili hilo linakuwekea tarehe na saa mwishoni. Mwanafunzi anaandika amejifunza nini leo, kesho anafungua anakuta tarehe inamsubiri. Hiyo ni daftari tayari.

Kikokotoo sitakaa nacho sana, ila usiishie kwenye kujumlisha. Kwenye menyu yake kuna sehemu ya tarehe inayokuhesabia siku kati ya tarehe mbili, na kuna kubadilisha vipimo, kilo kwenda ratili, futi kwenda mita. Mwambie mtu ahesabu ana siku ngapi tangu azaliwe uone atakavyocheka.

Tahadhari moja kwa anayefundisha sasa hivi. Tangu Windows 8 mwaka 2012 zile gemu za zamani hazimo tena kama zamani, Solitaire ya sasa ina matangazo katikati na Minesweeper mara nyingi unaifuata kwenye duka la Microsoft. Matangazo ni tatizo kubwa kwa anayeanza kwa sababu hajui kutofautisha tangazo na gemu, anabonyeza tu. Mimi huwa nazima intaneti kabla ya somo na karata zinachezeka vizuri. Usikimbilie zile tovuti zinazogawa gemu za zamani za Windows bure, faili la kuendesha programu kutoka kwa mtu usiyemjua usiliweke kwenye mashine ya mtu anayejifunza, hawezi hata kugundua kama kuna kitu kibaya kimeingia.

Kama mashine ni ya Linux, yaani inaendeshwa na mfumo mwingine wa bure badala ya Windows, una bahati, GNOME na KDE, yaani sura za skrini zinazotumika sana huko, zote zina gemu zake za karata na mabomu, bure na bila matangazo. Kwenye Mac kuna Chess na ile Preview, programu ya kufungulia picha na nyaraka, ambayo unaweza kusainia PDF na kupunguza picha.

Na kwa wenye macho yaliyochoka au mikono inayotetemeka, kabla ya hayo yote washa Magnifier, kikuzaji cha skrini, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha, vitu kwenye skrini vinakuwa vikubwa, na kuitoa ni Windows na Esc. Kisha ingia kwenye mipangilio ya mausi upunguze kasi ya mshale. Wazee wengi niliowafundisha, ule ugumu wote wa wiki ya kwanza ulikuwa ni mshale kukimbia kuliko mkono, ukishapunguzwa wanaenda wenyewe.