Muulize Mjomba: Filamu ya Ali ilipoishia

Toleo lililopita niliandika juu ya filamu ya Ali ya mwaka 2001, ile aliyoiongoza Michael Mann na Will Smith akamcheza bondia Muhammad Ali. Barua zimekuja kutoka Mtwara yote na Lindi. Nimechukua nne, na ya mwisho nimeipa nafasi kubwa kwa sababu inamhusu mtoto wa watu.

*Shikamoo Mjomba. Kwenye filamu, watu wanakimbia na Ali mitaani wakiimba "Ali bomaye". Kwetu Boma ni lile jengo la Wajerumani. Wao wanaimba boma gani? — Mwanafunzi, Mikindani*

Marahaba mwanangu. Boma lenu na hilo la Kinshasa hayana undugu. Wanaimba Kilingala: *boma* ni kuua, *ye* ni yeye. "Ali, muue!" Hakuna aliyetaka George Foreman, bingwa aliyekuwa akipigana na Ali kule, afe. Ni kelele za ulingoni tu, kama sisi tunavyopiga "Mmalize! Mmalize!" Nchi nzima ilikuwa upande wa Ali, na Foreman alizisikia kelele hizo mpaka alipoanguka.

*Mjomba, kuna kijana aliyefanya kazi Maputo, anasema uwanja wa kwenye filamu si wa Kinshasa, ni wa Msumbiji. Tumebishana mpaka tukawekeana dau. Nani kashinda? — Msomaji, Nachingwea*

Kijana kashinda, mlipeni haki yake. Pambano lenyewe lilipigwa Kinshasa, Zaire ya Mobutu, tarehe 30 Oktoba 1974, saa kumi alfajiri ya kule ili Wamarekani walione usiku wao. Hapa kwetu ilikuwa saa kumi na mbili, jua linachomoza. Lakini Mann alipoigiza upya usiku ule, aliupigia picha kwenye Uwanja wa Machava, pembeni ya jiji la Maputo.

Sasa ninyi watu wa Nachingwea, hebu tulieni kidogo hapo. Kwenye uwanja huohuo wa Machava, tarehe 25 Juni 1975, Samora Machel alitangaza uhuru wa Msumbiji. Haikuwa imetimia hata miezi minane tangu Foreman aanguke. Na kabla ya kufika Machava, Samora alikuwa kwenu, kambini Farm 17, akiwafunza wapiganaji wa FRELIMO. Mna wazee hapo waliompa mkono.

Mimi mwaka 1974 nilikuwa na miaka tisa, Newala, msimu wa korosho. Tulikuwa chini ya mikorosho tunaokota, jirani mwenye redio akaja shambani anapiga kelele kuwa Ali amemwangusha Foreman. Baba aliweka kikapu chini. Sikumbuki alisema nini, ila nakumbuka kikapu. Filamu nikaja kuiona mwaka 2002 kwenye kibanda cha video Chikongola, jenereta linanguruma nje, na sikujua lolote la Machava. Nilipokuja kujua nikaitazama upya, na mara hiyo macho yangu yakawa majukwaani. Wale wanaoruka na kuimba kule ni Wamsumbiji, na wengine ni watu wa rika langu. Nimejiuliza sana kama yumo mmoja aliyekuwa pale pale akiwa mtoto, mwaka 1975, akiona bendera inapanda. Tangu hapo siwezi kulitazama pambano lile kama filamu ya Wamarekani peke yao.

*Mzee wetu, ni kweli Mwalimu Nyerere alikataa kumpokea Ali? Mbona filamu haikuonyesha? — Mwalimu wa sekondari, Masasi*

Kweli. Haikuonyesha kwa sababu filamu inaanza Februari 1964, Ali anapomvua Sonny Liston ubingwa, na inaishia Kinshasa 1974. Hili la kwetu ni la Februari 1980. Rais Jimmy Carter alimtuma Ali Afrika kuzishawishi nchi zisusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu ya Wasovieti kuingia Afghanistan, na alianzia Dar es Salaam. Nyerere hakumwona. Waandishi wa habari wakamuuliza Ali: mwaka 1976 Afrika iliposusia Montreal kwa ajili ya ndugu zetu wa Afrika Kusini, Marekani ilikuwa wapi? Hakuwa na jibu. Alisema hayo hakuwa ameambiwa.

Nampenda Ali kupita kiasi, lakini hapo Mwalimu alikuwa sahihi. Tuliisusia Montreal kwa uchungu, mkimbiaji wetu Filbert Bayi akiwa katika ubora wake. Tukaenda Moscow, Bayi akarudi na medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akarudi na fedha ya mita 5,000. Mpaka leo nchi yetu haina medali nyingine ya Olimpiki.

*Kaka, shikamoo. Mwanangu ana miaka kumi na saba, anafanya mazoezi ya ngumi. Tangu aone hiyo filamu, akiingia ulingoni anaegemea kamba na kuacha wenzake wampige. Nikimkataza ananijibu kuwa Ali alishinda hivyohivyo. Wiki iliyopita alirudi kichwa kinamuuma siku mbili, akatapika. Baba yake hayupo. Nimzuie asiende kabisa? — Mama, Mtwara mjini*

Marahaba dada yangu. Naanza na kichwa, maana ngumi zinaweza kusubiri. Kuumwa siku mbili na kutapika baada ya kupigwa ni ubongo uliotikisika. Mpeleke hospitali ya Ligula wamwangalie, hata kama leo anakwambia amepona. Asipigane na mtu mpaka daktari aseme, na kinga ya kichwa isikudanganye: inazuia kuchanika, mtikisiko haiuzuii. Akianza kusahau vitu, kusinzia ovyo au kuyumba, usingoje asubuhi.

Sasa hilo la kamba. Nilicheza ngumi za ridhaa miaka sita, kwa hiyo nalisema kama mtu aliyewahi kuegemea. Foreman aliingia Kinshasa na mapambano 40 yote ameshinda, 37 kwa KO, kabla raundi hazijaisha. Hata Joe Frazier, aliyekuwa amemshinda Ali mwaka 1971, Foreman alimmaliza raundi ya pili. Ali alikuwa na miaka 32, miguu haikuwa tena ile ya 1964. Raundi ya kwanza alimshambulia kwa mkono wa kulia, akaona kuwa kwa mwendo ule ataishiwa pumzi kabla ya mwenzake. Ndipo akaenda kwenye kamba. Lakini mwangalie vizuri. Mikono imefunika uso na mbavu. Mgongo umelala nyuma nje ya kamba, kichwa kiko mbali na ngumi. Foreman akikaribia, Ali anamshika shingo na kumwinamisha, abebe uzito wake. Na raundi inapokaribia kwisha, yeye ndiye anayerusha ngumi za haraka usoni. Makonde mengi ya Foreman yaliishia mikononi. Joto na hasira vilimchosha, raundi ya nane akaanguka.

Alifanya hivyo akiwa na miaka 20 ya ulingo mwilini. Mtoto wa miaka kumi na saba anayesimama kwenye kamba mikono chini ana jambo moja tu analolifanya, anapigwa.

Na hata Ali mwenyewe alilipa. Filamu inamwacha ameinua mikono, mvua inanyesha, nami kila mara machozi hunitoka. Ila maisha hayakuishia hapo. Mwaka uliofuata alipigana raundi 14 na Frazier Manila. Mwaka 1977 alimaliza raundi 15 na Earnie Shavers, mtu mwenye konde zito kweli, na daktari wake Ferdie Pacheco akamsihi aache, kisha akaondoka kwenye kona yake, yaani kundi la wasaidizi wake wa ulingoni. Ali hakuacha. Mwaka 1980 Larry Holmes alimpiga mpaka kona yake ikasimamisha pambano. Aliacha mwishoni mwa 1981, na mwaka 1984 madaktari wakamwambia ana dalili za Parkinson, ugonjwa unaotetemesha mikono na mwili. Ugonjwa huo huwapata hata wasiowahi kuvaa glovu, lakini mimi sijaweza kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Mimi mwenyewe nililala siku tatu kichwa kinagonga baada ya pambano moja, na kocha wangu wa wakati ule akanirudisha ulingoni wiki ileile. Sikio la kushoto halijawahi kukaa sawa. Kwa hiyo nenda wewe mwenyewe ukamwone kocha wa mwanao. Muulize nani anasimamisha vijana wakizidiwa. Akikucheka, mtoe hapo siku hiyohiyo. Akikusikiliza, mwache mtoto arudi akishapona, aanze na kamba ya kuruka, begi na miguu. Kumzuia kabisa sikushauri. Atakwenda kwa siri, na huko hakuna wa kumsimamisha.

Kwa mila zetu mjomba ana neno lake kwa mtoto wa dada, na umeniita kaka. Tutafute filamu hiyo, tukae naye. Nitaisimamisha raundi ya tano nimwonyeshe mikono ya Ali ilipo. Ikiisha, asiondoke. Nina picha za ufunguzi wa Olimpiki ya Atlanta, 1996, Ali ana miaka 54, anawasha moto wa michezo. Mkono wa kulia umeushika mwenge. Nitanyamaza, nawe usimwambie kitu. Mwache autazame mkono wa kushoto.