Maswali yenu kuhusu maji ya mto Ruaha Mkuu

Mbarali mvua ni haba. Mto unapata wapi maji?

Milimani. Safu za Poroto na Kipengere hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, wakati uwanda wa Usangu, ilipo Mbarali, unaambulia kama 700. Mito ya Chimala, Kimani na Mbarali ndiyo inayoyateremsha. Anayekata msitu kule juu anamgusa mkulima wa huku chini, hata kama hawajawahi kuonana.

Kiangazi ardhioevu ya Ihefu bado ina maji. Mbona ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mto ni mchanga mtupu?

Sababu ni mwamba. Maji ya Ihefu yana mlango wa kutokea, N'giriama, penye kizingiti cha mawe. Usawa wa maji ukishuka chini ya kizingiti hicho, hakuna kinachopita, hata kama nyuma yake viboko bado wanaogelea. Jua nalo halipumziki: siku baada ya siku linanyonya maji yaliyotanda, na kizingiti kinazidi kuachwa juu. Zamani mto ulipungua tu. Tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi baada ya kiangazi. Matone machache yanayozuiwa juu mwezi wa Agosti yanatosha kuufunga mlango huo.

Kwa hiyo wakulima wa mpunga ndio wenye makosa?

Mpunga wa msimu wa mvua sina ugomvi nao, maana mito inakuwa imejaa. Taabu inaanza mavuno yakishapita: banio, yaani kizuizi cha kuchepushia maji ya mto, limeachwa wazi, maji yanaingia mferejini, yanatanda kwenye majaruba matupu na kuishia hewani. Kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji hakikutolewa kwa ajili hiyo. Wapo wanaowalaumu wafugaji, lakini mimi ningeanza na malango ya mabanio kabla ya kumhamisha mfugaji hata mmoja.

El Nino ikija itatuokoa?

Usiitegemee. Huongeza zaidi mvua za vuli, za maeneo yenye misimu miwili ya mvua, na Usangu ina msimu mmoja tu, Novemba hadi Aprili au Mei.

Ruaha ikikauka, Bwawa la Nyerere kwenye mto Rufiji litakosa maji?

Hapana, si kwa sababu hiyo pekee. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji huletwa na mto Kilombero. Ruaha Mkuu huchangia kama asilimia 15. Yanayoumia kwanza ni mabwawa ya Mtera na Kidatu, yaliyojengwa juu ya Ruaha yenyewe.