Mnaotaka Kuwaandalia Vitabu Watoto Wasioona, Anzieni kwa Mwalimu wa Kitengo

Wanafunzi wa vyuo huniuliza mara kwa mara waanzeje kuwasaidia watoto wasioona wapate vitabu. Wengi huja wameshaamua: watasoma hadithi, watazirekodi kwenye simu, kisha watazipeleka shuleni. Nia hiyo naiheshimu sana, maana nami niliianza kazi hii nikiwa chuoni Dar es Salaam na mpaka leo sijaiacha. Ila jibu langu la kwanza halibadiliki. Kabla hamjarekodi wala kuchapa chochote, nendeni mkamwone mwalimu wa kitengo, yule anayewahudumia wanafunzi wasioona ndani ya shule ya kawaida, mumuulize wiki ijayo anafundisha nini na kitabu gani hana.

Mtoto wa darasa la nne asiyeona anakaa na wenzake wenye vitabu vya kiada mezani. Mwalimu akisema fungueni ukurasa wa 34, fanyeni zoezi la pili, yeye hana cha kufungua. Anamsubiri jirani amnong'oneze maswali, na jirani naye ana kazi yake ya kumaliza kabla kengele haijalia. Hadithi nyingi za kurekodi, hata ziwe nzuri namna gani, hazimsaidii pale. Kinachomsaidia ni lile zoezi la pili, likiwa mbele yake kwa nukta nundu, yaani maandishi ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa vidole, asubuhi ileile.

Ndiyo maana nawasihi msikimbilie sauti kwa sababu tu ni rahisi kurekodi. Sauti ina mahali pake: inamfaa mwanafunzi wa sekondari mwenye riwaya ndefu ya kumaliza, au yeyote anayetaka kuburudika jioni. Mtoto anayejifunza kusoma anahitaji kuzigusa herufi. Masikio hayamwambii "dhambi" inaandikwaje, wala koma imekaa wapi, wala aya mpya imeanzia wapi. Na siku ya mtihani wa taifa ataletewa karatasi ya nukta nundu, na vidole vyake ndivyo vitakavyoisoma. Tena shule zetu nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu. Sauti mnazorekodi ziwekeni kwenye kadi ya kumbukumbu inayoweza kuchezwa na redio ya bweni, kila sura na faili lake, na mtaje namba ya ukurasa kila mnapofungua mwingine.

Kujifunza nukta nundu msikuogope. Louis Braille, Mfaransa aliyebuni mfumo huu, alikuwa mwanafunzi asiyeona wa miaka 15 alipoukamilisha kwa mara ya kwanza mwaka 1824. Nukta ni sita, safu mbili za nukta tatu tatu. Herufi kumi za mwanzo, a mpaka j, zinatumia nukta nne za juu tu. Kumi zinazofuata, k mpaka t, zinarudia maumbo yaleyale na kuongeza nukta ya tatu, ile ya chini kushoto. Macho huzizoea mapema; mikono ndiyo huchelewa. Mashine ya Perkins, ya kuchapia nukta nundu, ina funguo sita za nukta, na nukta zote za herufi moja hubonyezwa kwa mpigo, kama mpiga kinanda anavyokamata sauti kadhaa kwa pamoja. Shule isiyo na mashine ina kibao na kalamu ya kutobolea, na hapo unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zikiwa zimegeuzwa, ili karatasi ikipinduliwa zisomeke sawasawa.

Jambo ninalolishikilia kuliko yote ni hili: karatasi isimfikie mtoto kabla mtu asiyeona hajaisoma. Tulikuwa na mwalimu mmoja asiyeona aliyetusahihishia. Anaiweka karatasi mezani, anapitisha vidole vya shahada taratibu, midomo ikifuata maneno. Siku moja vidole vilisimama katikati ya swali la hesabu.

"Mwanangu, huyu Juma amenunua maembe ae. Ae ndiyo ngapi?"

Alama ya namba ilikuwa imerukwa. Kwenye nukta nundu tarakimu hazina maumbo yake. 1 ni a na 5 ni e, na alama inayotangulia ndiyo inayomwambia msomaji kwamba hapa tunahesabu. Mwenye macho angepita hapo bila kushtuka, kwa sababu ile 15 ameshaiona kitabuni. Herufi e na i nazo zina mtego wao, kwani moja ni kivuli cha nyingine kwenye kioo, na mikono michanga huzibadilishana kila mara. Nukta iliyokosewa unaweza kuibonyeza ilale, lakini kidole bado kinauhisi mkwaruzo wake. Kwa mtoto wa madarasa ya chini, rudieni ukurasa mzima.

Na huyo msahihishaji mlipeni. Ninyi mmechagua kujitolea. Yeye ana taaluma ambayo hakuna kati yenu aliye nayo.

Kwenye michoro ndipo moyo unapotumika. Chukueni ramani ya Tanzania. Mkiweka mikoa yote 31, maziwa, reli na mito kwenye karatasi moja, mkono wa mtoto utapotea. Gawanyeni. Karatasi ya kwanza iwe na mpaka peke yake, kwa uzi mnene uliogandishwa kwa gundi ya mbao. Ya pili iwe na mpaka na maziwa matatu, Victoria, Tanganyika na Nyasa, yakikatwa kwenye msasa ili yakwaruze. Ya tatu iwe na reli. Mtoto akishaijua ya kwanza, ya pili inamkuta tayari ana pa kusimamia. Mchele na maharage msitumie, ingawa vinashikika vizuri, kwa sababu panya wa stoo ya shule wataimaliza ramani kabla muhula haujaisha. Vitabu vikikamilika visimamishwe kwenye rafu. Mkivilaza kwa marundo, uzito unazibana nukta za vilivyo chini mpaka zinafifia.

Kuna watoto wengine ambao wanaojitolea huwasahau, nao ni wale wenye uoni hafifu, wakiwemo wengi wenye ualbino. Wamo kwenye shule na vitengo vya wasioona, wanafundishwa nukta nundu, na ukiwatazama wanavyosoma utaona wameinamisha uso mpaka pua inakaribia karatasi, wanatafuta kivuli cha kila nukta kwa macho. Mtoto huyo mara nyingi anaweza kusoma maandishi ya kawaida yakikuzwa. Anzeni na ukubwa wa pointi 18, herufi nyoofu zisizo na madoido, wino mweusi, karatasi isiyong'aa. Kisha mpeni saizi mbili tatu achague mwenyewe. Kazi hii haidai mashine maalumu, mnaweza kuifanya kwenye steshenari yoyote iliyo nje ya geti la chuo.

Kuhusu hakimiliki, Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Tanzania na Kenya zimejiunga nao, unazipa asasi zinazowahudumia wasioona nafasi ya kutengeneza nakala za namna hii bila kumwomba kila mwenye haki. Fanyeni kazi kupitia shule au maktaba, na mafaili msiyasambaze kwenye makundi ya WhatsApp.

Mwisho ni kalenda, na hapa ndipo vikundi vingi ninavyovijua vilipokwama. Vyuo vingi hufunga Julai na kurudi Oktoba au Novemba, ilhali shule hufungua muhula wa pili Julai. Watoto wanarudi darasani wakati ninyi mnapanda mabasi kwenda makwenu. Kwa hiyo kazi ya Julai mpaka Septemba ichapwe mwezi Mei, kabla mitihani yenu haijawabana, na mwalimu akabidhiwe mkononi. Mchagueni mwenzenu mmoja anayebaki mjini, namba yake mwalimu awe nayo. Na kila faili liandikwe jina la kitabu, darasa na ukurasa mlioishia, ili watakaoingia mwaka wa kwanza Novemba waanzie hapo.