Nilichoma twita tatu ndio nikajua kazi ya kapasita

Hapa Kisumu ukisema woofa watu wanafikiria ile mashine nzima ya sebuleni. Mimi naongelea spika yenyewe, ile kubwa ya besi, na twita ile ndogo ya sauti za juu, zile unang'oa kwa mashine iliyokufa ama unapata soko la Kibuye Jumapili ukifika mapema kabla mafundi hawajachagua zote nzuri.

Boksi langu la kwanza nilikata plaiwudi, nikaweka woofa mbili za inchi 8 na twita moja, nyaya zote nikafunga pamoja kwa ampu, ile mashine ya kukuza sauti. Ikaimba poa sana, karibu wimbo mmoja na nusu hivi, halafu twita ikanyamaza. Nikaweka ingine, ikanyamaza pia. Ya tatu ilipoenda nikabeba boksi mzima kwa boda mpaka kwa fundi Kondele, akafungua nyuma akachungulia akaniuliza, "Omera, kapasita iko wapi?" Mimi nilikuwa nadhani hicho kidude kilichokuwa kwa twita ya zamani ni cha kuzuia radi sijui, nilikuwa nimekitupa.

Koili ya twita, ule waya umezungushwa ndani yake, ni nyembamba kama unywele, ukiipelekea besi inapata moto wa bure mpaka inakatika. Kapasita unaiweka kwa waya mmoja unaoenda kwa twita, inazuia sauti za chini na kupitisha za juu. Kwa twita ya omu 8 (omu ni kipimo cha vile spika inazuia umeme), kapasita ya maikrofaradi 4.7 (ukubwa wake, umeandikwa juu yake) inaanza kupitisha vizuri kwenye hezi kama 4,200 (mitetemo ya sauti kwa sekunde), ya 3.3 ni kama 6,000, ya 2.2 ni kama 9,000. Twita yako ikiwa ndogo na ya bei rahisi anza na 3.3, usiwe na tamaa. Na uitishe ile isiyo na upande wa chanya na hasi. Ukikosa, chukua mbili za 10 zenye mstari wa hasi, unga hasi kwa hasi, utapata karibu 5. Volti 50 kwenda juu.

Twita ikapona, ampu ndio ikaanza kunuka. Woofa zangu zilikuwa za omu 4 kila moja na nilikuwa nimezifunga chanya na chanya, hasi na hasi, sasa ampu inaona omu 2, mzigo mzito kuliko ule imeandikiwa nyuma, 4 mpaka 8. Mita ya kupima omu isikuogopeshe hapa, spika ya omu 8 itasoma kama 6, ya 4 itasoma 3 na kitu, hiyo ni kawaida. Kama zako ni za 8 zifunge tu hivyo, utapata 4 na ampu itashukuru. Zangu za 4 ilibidi nizipange mstari: chanya ya ampu kwa chanya ya kwanza, hasi ya kwanza kwa chanya ya pili, hasi ya pili irudi kwa ampu. Jumla omu 8. Twita na kapasita yake inachukua waya wake moja kwa moja kutoka kwa ampu, sio kati ya woofa.

Sasa hapa ndio nililia. Ampu haichemki, twita inaimba, lakini besi imepotea kabisa. Woofa mbili za inchi 8 zinasikika kama redio ya askari wa geti! Nikajaza sponji ya godoro ndani, nikaziba kila ufa na gundi na vumbi la mbao, nikapandisha volyumu, bado, mpaka nikaanza kutafuta pesa ya ampu kubwa. Kumbe woofa moja ilikuwa imewahi kubadilishiwa koili na aliyeibadilisha akageuza nyaya, alama ya chanya ilikuwa inadanganya. Moja ikisukuma hewa nje, ingine inavuta ndani, zinamalizana.

Kuipima ni rahisi mpaka unajichukia. Toa betri moja ya volti 1.5 kwa saa ya ukuta, gusisha kidogo tu kwa woofa, chanya kwa ile alama ya chanya, uangalie koni, ile karatasi ya mbele inayotetemeka. Ikitoka nje alama ni ya kweli, ikiingia ndani futa uandike yako na kalamu ya maka. Pima kila woofa ya mtumba kabla hujaifunga hata kama muuzaji ameapa. Twita usiifanyie hivi, hutaona kitu.

Nikageuza nyaya mbili tu, sikununua chochote, nikawasha saa mbili usiku volyumu ikiwa robo. Mzee wa ploti alibisha mlango kabla wimbo haujaisha.