Fito, siafu na ndege wa kivulini

Swali: Nilikwenda Amani, Usambara Mashariki. Nilisikia ndege kila upande, sikumwona hata mmoja. Nilikosea wapi?

Uliangalia juu. Wengi wa ndege uliowasikia huishi chini ya kimo cha mtu, wana rangi ya kahawia au kijani kilichofifia, na kwenye kiza kile huwaoni mpaka wasogee. Safari ijayo tafuta msafara wa siafu. Wakipita, panzi na buibui hutimka majanini, na ndege huwafuata nyuma kuwadaka. Kaa kimya pembeni, suruali umeichomekea kwenye soksi.

Swali: Kijijini kwetu hatuangushi miti mikubwa, tunakata fito za kujengea tu. Nalo ni kosa?

Ni kosa lisiloonekana ukiwa barabarani, maana kwa mbali msitu ni uleule. Ingia ndani. Kwenye fito ndipo ndege hawa hutua kuvizia wadudu, na wengi hujenga kwenye panda la mche, usawa wa goti au kiuno. Zikiondoka, kiota kinabaki uchi mbele ya nyoka na kima. Huko Usambara watafiti wamekuwa wakinasa ndege wa chini kwa nyavu laini tangu 1987, wakiwavisha pete mguuni na kuwaachia. Viota vya kwenye vipande vidogo vya msitu vimeonekana kuharibiwa zaidi kuliko vya msitu mkubwa. Halafu mti mzee ukianguka, nani ataziba pengo kama miche yote imeshakuwa ukuta wa nyumba? Jua linaingia, majani ya chini yanakauka, wadudu wapendao unyevu wanakwisha. Mimi ningewashauri mpande fito zenu shambani.

Swali: Basi kichaka kikizidi kusongamana, ndege nao watazidi?

Si wote. Ndege aitwaye kitaalamu Turdus helleri, mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, anayepatikana Milima ya Taita, Kenya, pekee, hula kwa kupekua majani makavu ardhini. Anataka kivuli kizito juu na nafasi ya kupita chini. Magugu yaliyofungamana yanamzuia.

Swali: Msitu ukiharibika, si wahamie wa jirani?

Mabawa wanayo, ila wengi hawathubutu kuvuka shamba la wazi. Huyo wa Taita amebaki kwenye vipande vichache, kama Mbololo, Ngangao na Chawia, na katikati yake ni mashamba na nyumba za watu.

Swali: Na msitu wa mikaratusi je, unawafaa?

Kivuli kipo. Wadudu wa kupekua ni haba.