Paa likitoka, nguvu inahamia chini

Ndugu, umenionyesha mchoro wa gari lako la wazi, ukauliza kwa nini gari la wazi huwa zito kuliko lenye paa, wakati bati limepunguzwa. Paa linashika bodi isijipinde. Ukilikata, lazima uongeze chuma kwenye maboksi ya chini ya milango, nguzo za kioo cha mbele na nyuma ya viti. Kazi mbovu utaijua haraka: piga jeki kona moja, kisha jaribu kufungua mlango. Mlango utagoma.

McLaren walilikwepa hilo tangu kwenye mchoro. Gari lao la 12C limejengwa juu ya beseni la nyuzi za kaboni, ndimo wanamokaa abiria, ambalo halitegemei paa, hivyo Spider ya 2012, yaani 12C ya wazi, haikuhitaji kuimarishwa. Iliongezeka kilo 40 hivi, za paa la kukunja na mitambo yake. Huo ndio ubunifu ninaoupenda!

Kama unataka bodi ya kubadilishabadilisha, itazame Nissan EXA ya 1986. Sehemu ya nyuma inafunguliwa na kutolewa yote, unafunga mahali pake nyingine yenye umbo la steshenwagoni. Mapande mawili ya paa nayo yanatoka, ila upau wa katikati unabaki. Kwenye mchoro wako, upau huo usiuguse.